Makala za kuvu zianzie kwenye ghala la mahindi

Katikati ya mwaka 2016 watu walianza kufika kwenye zahanati na hospitali za mikoa ya Dodoma na Manyara wakiwa na macho ya njano na matumbo yaliyojaa maji, wengine wakitapika. Kwa muda maradhi hayo hayakuwa na jina, na habari zilizosambaa ziliyataja kama ugonjwa usiojulikana. Maabara zilipotoa majibu, chanzo kilikutwa kwenye unga wa ugali: mahindi yaliyoota kuvu wa jenasi ya Aspergillus na kubeba sumukuvu, yaani aflatoksini, kwa kiwango kinachoharibu ini ndani ya siku chache. Waliorekodiwa kuugua walikuwa 68, na 20 kati yao wakafariki. Kondoa na Chemba, wilaya mbili zilizokuwa moja hadi mwaka 2012, zilikuwa katika eneo lililoguswa. Kinachouma zaidi ni kwamba jambo hili halikuwa geni. Mwaka 2004, upande wa pili wa mpaka, nchini Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sumu hiyohiyo, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Miaka kumi na miwili ilipita kati ya msiba mmoja na mwingine. Maarifa yalikuwepo, lakini yalikaa zaidi kwenye majarida ya kitaalamu, kwa Kiingereza.

Nalileta suala hili mbele ya kundi ambalo magazeti yetu hulitaja mara chache: vijana na wazee wanaohariri Wikipedia ya Kiswahili bila malipo. Kamusi elezo hiyo ilianza mwaka 2003 na imejengwa kwa saa za watu wa kujitolea, ambazo ni chache mno kulinganisha na kazi iliyopo. Kwa hiyo swali la wapi zitumike ni swali zito. Katika Wikipedia ya Kiingereza kuna kundi la wahariri walioamua kushughulikia kuvu tu, na wameinua makala za uyoga kama Amanita muscaria na Amanita phalloides hadi daraja la juu kabisa la ubora. Nawaheshimu kwa kazi hiyo. Lakini sisi tukifuata orodha yao tutajikuta tunatafsiri habari za uyoga wa misitu ya Ulaya, huku mkulima wa Busi, wilayani Kondoa, akiendelea kuhifadhi mahindi bila maelezo kamili ya kiumbe anayemtishia. Maoni yangu ni kwamba wahariri wa Kiswahili waandike kuhusu kuvu kwa bidii, na waanze na kuvu wa ghalani.

Makala nzuri ya sumukuvu ina mengi ya kueleza, na hapa ndipo tafsiri ya moja kwa moja inaposhindwa. Ieleze kwamba kuvu huyu hukaa kwenye udongo na huuingia mhindi ukiwa bado shambani, hasa ukame unapoubana na wadudu wanapoutoboa, kwa hiyo Kondoa, yenye msimu mmoja wa mvua zisizotabirika, ipo hatarini kabla hata ya mavuno. Ieleze kwamba sumu yenyewe haionekani kwa macho, haina harufu, na moto wa jikoni hauiondoi. Ugali ulioiva vizuri unaweza kuwa na sumu ileile iliyokuwa kwenye unga. Halafu ieleze kinachosaidia: kuanika juu ya turubai badala ya ardhini, kukausha hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 13.5, kuchambua na kuondoa punje zilizovunjika au zenye ukungu, kukoboa kabla ya kusaga, kutumia mifuko isiyopitisha hewa. Isisahau jambo ambalo vipeperushi hulipita haraka, yaani hatima ya yale mabovu yaliyochambuliwa. Yakigeuzwa pombe, sumu haitoweki. Akilishwa ng'ombe, sehemu ya sumu hutokea kwenye maziwa. Isisahau pia kiwango kinachokubalika Afrika Mashariki, mikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kilo, maana kiwango hicho kina uzito sokoni. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hii, na malori yakakwama mpakani.

Atauliza mtu: nani Busi atasoma makala mtandaoni? Mama anayeanika mahindi uani hatafuti Wikipedia kwenye simu. Ni kweli, na sidai kwamba atatafuta. Atakayetafuta ni mwalimu wa sayansi, mwanafunzi aliyepewa kazi ya nyumbani, afisa ugani anayejiandaa kwa mkutano wa kijiji, mtangazaji wa redio anayetengeneza kipindi cha kilimo. Hao ndio wanaoyabeba maarifa hadi uani. Na tusidhani kwamba aya mbili tatu mtandaoni hazina nguvu. Watafiti wa uchumi barani Ulaya waliwahi kulipima hilo: waliongeza maelezo na picha kwenye makala za miji ya Hispania waliyoichagua kwa bahati nasibu, katika lugha nne, kisha wakalinganisha na miji iliyoachwa kama ilivyokuwa. Idadi ya usiku ambao wageni wa lugha hizo walilala hotelini iliongezeka kwa takriban asilimia 9. Ikiwa aya chache zinaweza kumwelekeza mtalii mahali pa kulala, sioni kwa nini zishindwe kumwelekeza afisa ugani kwenye jambo la kuwaambia watu wake. Isitoshe, programu za akili bandia zinazojibu maswali kwa Kiswahili hujifunza pia kutoka kurasa hizohizo. Pengo likibaki, litajazwa kwa kubahatisha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na halistahili jibu jepesi. Wahariri hawa si wataalamu, na katika habari za kuvu kosa linaua. Anayeandika kwamba uyoga fulani huliwa, akakosea, anaweza kuua familia nzima. Nakubali, na ndiyo sababu nyingine ya kuanza na ghala. Sumukuvu imechunguzwa kwa kina na miongozo yake imechapishwa. Mhariri makini hahitaji kuvumbua, anahitaji kusoma, kueleza na kutaja chanzo chini ya kila dai. Uyoga utafuata, kwa masharti makali. Msingi wake upo: mwaka 2003 Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha kitabu kizima kuhusu uyoga wa Tanzania, unaoliwa na wenye madhara. Kitabu hicho ni cha Kiingereza, ingawa mengi yaliyomo yalitoka vinywani mwa waokota uyoga wa vijijini kwetu. Kuyarudisha kwa Kiswahili ni haki yao. Hata hivyo makala isigeuzwe kamwe kuwa mwongozo wa kuchagua cha kupika; hilo bado ni la anayeujua uyoga huo kwa kukua nao.

Wapo watakaosema kazi hii ni ya Serikali. Serikali imefanya sehemu yake, kupitia TANIPAC, mradi wa kudhibiti sumukuvu, na hata kituo cha kushughulikia mazao baada ya mavuno kilichojengwa Mtanana, wilayani Kongwa. Lakini mradi una tarehe ya kufungwa, na kipeperushi kikiisha huchapwa tena kama bajeti ipo. Tatizo langu na njia ya kujitolea ni jingine. Mwaka 2009 Google iliandaa shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania. Makala zilimiminika, lakini zawadi huleta makala, hazileti mtu wa kuzirekebisha mwaka unaofuata. Anayebaki ni yule aliyelipenda somo lenyewe. Watu hao wanaweza kupatikana Chuo Kikuu cha Dodoma, miongoni mwa wanafunzi wa afya na Kiswahili, baadhi yao wakiwa watoto wa wakulima wa mahindi. Mhadhiri anaweza kuamua muhula ujao kwamba badala ya insha itakayofungiwa kabatini baada ya kusahihishwa, kila kundi liboreshe makala moja ya kuvu, kwa vyanzo vilivyokaguliwa naye. Chuo kilipie bando. Mavuno ya Kondoa huanza karibu mwezi wa Mei, na makala zinapaswa kuwa zimekaguliwa kabla ya hapo.