Fomati Si Dawa ya Kila Ugonjwa



Leo tuzungumze kidogo kuhusu kompyuta ya nyumbani, ile moja ya sebuleni ambayo baba anaandikia barua, mama anatazamia mapishi, wanafunzi wanafanyia kazi zao, na mtoto wa jirani akipita naye anakaa nayo nusu saa. Hapa kwetu Buyenzi, mjini Bujumbura, kompyuta kama hiyo mara nyingi ni ya mtumba kutoka Ulaya. Ikiumwa tunajua dawa moja tu: tunaibeba kwa fundi, naye anaifomati. Sisi tunaona dawa hii imezidi. Tena tunasema hivyo kwa sababu imetuuma wenyewe.

Mwaka 2023 binti yetu alikuwa anaandika kazi yake ya kumalizia chuo. Siku moja alitoka kuchapisha kurasa mjini, akachomeka flashi nyumbani, akakuta folda zake zote zimetoweka na mahali pake pamebaki vijialama vyenye mshale mdogo pembeni. Akalia. Kompyuta nayo ikaanza kujifungulia madirisha yenyewe. Tukaipeleka kwa fundi. Akaitazama kama dakika mbili, akasema, "Hii ni fomati tu." Tukakubali, tukalipa, jioni ikarudi safi kama sahani iliyooshwa.

Ilirudi bila sauti ya marehemu babu yao. Tulikuwa tumemrekodi kwa simu akieleza ukoo wetu ulivyofika Buyenzi, nani alimuoa nani, nyumba ya kwanza ilijengwa wapi. Tulihamishia rekodi hizo kwenye kompyuta ili simu ipate nafasi, tukazifuta kwenye simu, basi. Hatukuwa na nakala nyingine. Wiki iliyofuata kijana mmoja wa mtaani akaichukua ile flashi ya binti, akaandika mstari mmoja, na sura zote za kazi yake zikajitokeza. Zilikuwemo humo humo muda wote! Virusi ilikuwa imezificha tu.

Hatumlaumu fundi peke yake. Fundi hakuuliza kuna nini ndani, na sisi hatukusema. Kwake fomati ni kazi ya saa mbili inayojulikana bei, ilhali kutafuta ugonjwa wenyewe kunaweza kumla siku nzima bila malipo ya ziada. Lakini mwenye mali ni sisi, na mambo mengi yanayotupeleka kwake tunaweza kuyazuia wenyewe tukiwa tumekaa sebuleni.

Tuanze na ule mstari, maana huenda kuna mtu anauhitaji leo. Kwanza ichunguze flashi kwa programu ya kupambana na virusi. Windows inayo yake ya ndani, bila malipo, tangu toleo la 8 la mwaka 2012, mradi mtu hajaizima. Kisha bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R, andika cmd, bonyeza Enter. Kwenye dirisha jeusi litakalofunguka andika hivi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Hiyo E ni herufi ya flashi yako. Kama kwako ni F, andika F. Subiri kidogo, fungua flashi, utaona folda zako. Vile vijialama vya mshale vifute na usivibonyeze, kwa kuwa ukivibonyeza ndiyo unaikaribisha virusi ndani. Kuna hila nyingine ya jamaa hawa: faili la programu linavaa picha ya folda ili ulifungue bila kufikiri. Kwenye mipangilio ya kutazama folda, ruhusu majina ya faili yaonekane pamoja na mikia yake. Folda halisi haina mkia. Ukiona "picha" ina mkia wa .exe, hiyo si picha wala si folda.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo sisi tunaliona kubwa kuliko yote. Katika nyumba nyingi tulizotembelea, kompyuta ina akaunti moja, na akaunti hiyo ndiyo ya msimamizi. Maana yake ni kwamba kila anayekaa kwenye kiti, hata mtoto wa miaka saba, ameshika funguo zote za nyumba. Anaweza kuondoa programu na kuweka nyingine, na virusi atakayoifungua kwa bahati mbaya inapata uwezo wa karibu sana na huo huo. Nani kati yetu anampa mtoto funguo za kabati la hati za nyumba akachezee?

Dawa yake ni kufungua akaunti moja ya msimamizi ambayo haifanyiwi kazi za kila siku, kisha kila mtu apate akaunti yake ya mtumiaji wa kawaida. Utaratibu wenyewe uko kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti. Ila fuata mpangilio huu, usije ukajifungia nje: fungua kwanza akaunti mpya, ipe cheo cha msimamizi, ingia nayo uone inafanya kazi, ndipo uishushe ile ya zamani iwe ya kawaida. Neno la siri la msimamizi tumeliandika kwenye karatasi na kuiweka pamoja na pasipoti. Watu wa kompyuta watatucheka kwa karatasi, na watucheke tu. Mwizi wa mtandaoni hafiki kwenye sanduku la mama.

Tangu hapo programu nyingi zikitaka kujiweka kwenye kompyuta, zinaomba neno la siri, na mtoto analazimika kuja kuuliza. Swali hilo la "mama, inataka neno la siri, nifanyeje?" limetuokoa mara nyingi. Tuseme ukweli lakini, akaunti ya kawaida si ngome. Virusi bado inaweza kuharibu faili za yule aliyeifungua. Faida ni kwamba moto unaungua chumba kimoja, haupandi paa.

Baadhi ya wazazi wenzetu wametupinga. Wanasema ukimpa kijana akaunti yake na neno lake la siri, umempa chumba chenye kufuli cha kujifichia. Hoja hii ina uzito, hatuipuuzi. Ila msimamizi anaweza kufungua folda za wengine panapokuwa na haja, na kompyuta yetu iko sebuleni, kioo kikielekea wanakopita watu. Tena kwenye mipangilio ya mtandao tumeandika anwani mbili, 1.1.1.3 na 1.0.0.3. Ni huduma ya bure ya Cloudflare iliyoanza mwaka 2020, inayozuia tovuti chafu na zile zinazojulikana kusambaza virusi. Mtumiaji wa kawaida hawezi kubadilisha anwani hizo bila neno la siri la msimamizi. Kijana mjanja atapata njia, hasa mwenye simu yake mfukoni, na hapo mazungumzo ya mzazi hayana mbadala. Lakini akaunti moja ya wote haikumzuia yeyote. Ilichofanya ni kuficha nani alifungua nini.

Kama fomati haiepukiki, na kuna siku haiepukiki kweli, basi ikute vitu vyako havipo njiani. Fomati ya kawaida inasafisha sehemu ya C, ambako Windows inakaa, na folda yako ya nyaraka nayo imekaa huko huko. Kama diski yako imegawanywa na ina sehemu ya D, bonyeza folda ya nyaraka kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sifa zake, kuna mahali pa kubadilisha eneo, uihamishie D. Fanya hivyo pia kwa folda ya picha. Na ukimpelekea fundi mwambie kwa mdomo na kwa maandishi: D usiiguse. Hata hivyo D si nakala. Ni chumba cha pili katika nyumba ile ile, na diski ikifa au kompyuta ikiibwa vyote vinakwenda pamoja. Nakala ni kitu kilicho nje: diski ya pembeni unayoichomeka, unanakili, unaichomoa na kuiweka mbali. Ukiiacha imechomekwa, virusi itaikuta nayo.

Upole wa kompyuta nao unatibiwa kwa fomati, na inasaidia kweli kwa mwezi mmoja. Halafu unarudi, kwa sababu chanzo hakikuguswa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, tafuta sehemu ya programu zinazoanza kompyuta inapowaka. Sisi tulikuta 14, na ya kupambana na virusi tu ndiyo tuliyokuwa na haja nayo. Nyingine tulizizima, hatukuzifuta, na zikihitajika zinafunguliwa kwa mkono. Kama bado ni pole na diski yake ni ile ya zamani inayozunguka, tunashauri fedha za fomati tatu ziwekwe akiba kwa ajili ya diski ya aina ya SSD. Hatujaona badiliko jingine linaloipa kompyuta kongwe uhai kama hilo.

Halafu kuna intaneti. Unanunua kifurushi asubuhi, adhuhuri kimekwisha na hukutazama hata video moja. Mara nyingi ni Windows inajipakulia masasisho. Kwenye mipangilio ya mtandao, mtandao wako wa simu uweke kuwa ni wa kulipia kwa kipimo, nayo itaacha kupakua mengi bila kukuuliza. Lakini usiyazime masasisho moja kwa moja. Tafuta siku penye intaneti ya kutosha, uyaruhusu.

Hapo tuseme jambo kwa wenye Windows 10, nao ni wengi. Microsoft ilisimamisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mtu asiyejiandikisha kwa masasisho ya ziada ya usalama habaki na kinga mpya. Windows 11 inadai vitu ambavyo kompyuta nyingi za mtumba hazina, kikiwemo kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Usikubali kuuziwa Windows 11 iliyolazimishwa, yenye kifunguo cha kuiba kinachotaka kwanza uzime kinga ya virusi. Huo ni mlango uliovunjwa kabla hujahamia, na mali ya watu ni mali ya watu. Kwa kompyuta kongwe kuna Linux Mint, ya bure kwa halali, inayoweza kuendeshwa hata na kumbukumbu ya gigabaiti 2 ingawa 4 ni afadhali, na inakuja na LibreOffice ya kuandikia. Kwa mwanafunzi anayeandika na kusoma inatosha. Kwa anayehitaji programu fulani ya Windows ya chuoni haitamfaa, aulize kwanza.

Tumalizie na yanayopendeza. Kompyuta yetu ilikuja kwa Kifaransa na kibodi ya Kifaransa, ambamo A inakaa mahali pa Q. Kila akaunti inaweza kuwa na lugha yake, na Kiswahili kimo pia katika orodha ya lugha za Windows. Mwanafunzi wa madrasa aongeze kibodi ya Kiarabu, kisha ahame kutoka lugha moja hadi nyingine kwa kitufe cha Windows na nafasi. Wengi wanadhani irabu haziandikiki, nazo zipo: ukishika Shift, fat-ha iko pale palipoandikwa A kwenye kibodi yetu ya Kifaransa, yaani Q kwa wenye ya Kiingereza. Kasra iko kwenye Q yetu, yaani A yao. Dhamma iko kwenye E na sukuni kwenye X kwa wote, na shadda kwenye kitufe cha juu kabisa kushoto, chini ya Esc. Mwanetu wa pili sasa anachapia darasa lake zima karatasi za mazoezi.

Bibi yao naye ana akaunti yake. Maandishi tumeyakuza, na mbele ya kioo kuna vitu vitatu tu: redio, picha za wajukuu, na kitufe cha kupiga simu ya video kwa watoto wake walioko Oman. Tulimwomba atuelezee tena alichokuwa akisimulia babu, naye akakubali, ingawa anasema marehemu alikuwa akikosea miaka. Rekodi zake ziko mahali patatu. Kunakili ni kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, kwa zamu, na wiki hii zamu ni ya mdogo wao kabisa.