Elimu ya Kifuani na Kidole Gumba

Wapo waungwana wanaoidharau chemsha bongo ya televisheni, wakasema ni mchezo wa wasio na kazi. Kabla hawajakata shauri, nawaomba wamtazame Bwana Ken Jennings wa Marekani.

Sehemu ya utoto wake aliishi Seoul, Korea Kusini, na huko akitoka shule hukaa kutazama kipindi cha Jeopardy! katika televisheni ya majeshi ya Marekani. Mwaka 2003 wenye kipindi waliifuta kanuni ya kumtoa bingwa baada ya siku tano. Mwaka uliofuata Jennings, fundi wa programu za kompyuta mjini Salt Lake City, akaingia, akashinda mara 74 mfululizo na kujipatia dola 2,520,700.

Wengi hudhani alishinda kwa wingi wa maarifa tu. La hasha! Washindani wote watatu aghlabu hulijua jibu. Lakini sharti mwulizaji amalize kusoma fumbo, taa ziwake, ndipo kitufe kifanye kazi. Ukibonyeza mapema, chafungika robo ya sekunde, na mwenzio keshakupita. Hivyo mtu husoma maisha yake yote, kisha kidole gumba kikamwangusha. Jennings alikuwa akifanya mazoezi nyumbani kwa kitu cha kuchezea cha mwanawe!

Februari 2011 alikutanishwa na Watson, kompyuta ya IBM. Mashine ilipata 77,147, Jennings 24,000, na bingwa mwenziwe Brad Rutter 21,600. Yakasemwa mengi, kwamba kazi ya kukumbuka imekwisha.

Mimi siafiki. Lau watazamaji wangetaka majibu matupu, mashine ingekalishwa pale kila jioni. Haikukalishwa. Mwaka 2019 James Holzhauer alishinda mara 32, siku moja akachukua dola 131,127, na mamilioni wakamtazama. Kinachowaweka watu ni kumwona mja akilivuta kifuani jambo alilolisoma utotoni, naye aweza kulisahau wakati wowote. Sisi tuliokaa chuoni na ubao twaijua tofauti ya kilichohifadhiwa na kilichowekwa kabatini.

Mwulizaji wa miaka mingi, Alex Trebek, alifariki Novemba 2020. Leo anayeuliza ni Jennings mwenyewe, na majibu yote ameandikiwa mbele yake.