Bampa tupu, vichwa vitupu

Jamani, leo naomba niwaudhi kidogo. Hasa ninyi wenzangu tuliomaliza chuo, tukapata kazi, tukabana matumizi, tukanunua IST ya mkono wa tatu na sasa tunajiona nasi tumo. Nina swali moja tu: nyuma ya bampa la gari lako kuna nini?

Usijibu haraka. Mimi nilijibu haraka nikaumbuka.

Ilikuwa asubuhi, natoka Magomeni nakwenda kazini. Mnaijua ile foleni ya bondeni Jangwani kabla ya kupandisha kwenda Fire. Bajaji mbele yangu ikasimama ghafla, nami nilikuwa nachungulia simu (ndiyo, mhariri alikuwa anapiga, na hapana, hiyo si sababu). Nikaigusa. Sisemi nimeigonga, nimeigusa! Mwendo wa mtu anayetembea. Bajaji ikapata mkwaruzo. Gari langu likavuka uso mzima. Bampa likalala barabarani kama mkeka, na pale lilipokuwa nikaona rejeta inanitazama. Hakuna chuma. Hakuna sponji. Kumbe muda wote bampa lilikuwa limeshikiliwa na waya mbili za kufungia nondo.

Dereva wa bajaji alicheka mpaka akakaa. "Braza, hilo si bampa. Hilo pazia!"

Nikalipa mkwaruzo, nikalipakia pazia langu kwenye kiti cha nyuma, nikaenda kazini nimenuna. Lakini alikuwa amesema kweli.

Hebu tuelezane, maana nimegundua wengi hatujui. Lile plastiki lililopakwa rangi tunaloliita bampa ni ngozi tu. Nyuma yake kwenye magari mengi kunatakiwa kuwa na sponji ngumu, na nyuma ya sponji kipande cha chuma kilicholala kutoka upande huu hadi ule, kimefungwa kwa bolti kwenye mbavu mbili za mbele za gari. Ukigonga kidogo, sponji hubonyea na rejeta, kondensa ya AC na taa zinapona. Ukigonga kwa nguvu, chuma kile hugawa pigo kwenye mbavu zote mbili badala ya upande mmoja kulibeba lote. Na ukimgonga mtu, Mungu apishe mbali, sponji hupunguza makali kwenye mguu wake. Ngozi peke yake haifanyi hata moja ya hayo. Kazi yake ni kupendeza.

Wenzetu waliliona zamani. Marekani mwaka 1973 ilianza kudai bampa la mbele lihimili pigo la maili 5 kwa saa, yaani kama kilomita 8, bila taa na vifaa vingine vya usalama kuharibika. Mwaka 1982 wakalegeza hadi maili 2.5. Umoja wa Ulaya mwaka 2005 ukaweka sheria juu ya yale mabomba ya chuma yanayofungwa mbele ya magari, kwa sababu ya watembea kwa miguu. Sisi huku ukifunga bomba hilo unaitwa mwanaume!

Jumamosi nikaenda Gerezani. Anayeijua Kariakoo anajua ukishafika Shauri Moyo na gari halina uso huhitaji kujitambulisha. Vijana watano walinizunguka. "Bosi, bampa la IST lipo, la Japani, halina mchubuko." Nikasema nataka na chuma chake na sponji yake. Kimya. Mmoja akaniangalia kama nimeomba mbawa.

"Chuma cha nini, bosi? Hakionekani."

Nikamuuliza, vile vichwa vya magari vilivyokatwa Japani vikaja kwenye kontena si vinakuja na chuma? Akasema vinakuja. Kinakwenda wapi? "Hakuna anayeuliza. Kikikaa sana kinakwenda kwenye vyuma chakavu."

Hakuna anayeuliza. Andikeni hayo maneno mahali.

Tumezoea kumlaumu muuza spea. Ati tapeli, ati anauza feki. Wapo, sikatai. Lakini yule kijana hakunidanganya hata kidogo. Anauza tunachonunua, nasi tunanunua sura. Chuma anacho, ametupa kwa sababu sisi wasomi hatukukitaka.

Nilikipata hatimaye duka la nne, chini ya rundo la fenda. Fundi alipopandisha gari ili akifunge akaniita. "Mdogo wangu, njoo uone na huku."

Nikainama. Kwenye mti wa shokapu, ndani ya ile kava ya vumbi, kunatakiwa kuwa na kiraba kinene. Kwenye orodha ya spea za Toyota nacho kinaitwa bampa, bampa la springi. Kazi yake ni kuwa neno la mwisho: gari likizama kwenye shimo au likitua kutoka kwenye tuta, kiraba hubonyea kabla shokapu haijafika mwisho, ili chuma kisigonge chuma. Changu upande wa kushoto kilibaki makombo. Upande wa kulia hakikuwepo kabisa.

Na mwaka jana nilifunga shokapu mpya! Aliyezifunga (siye huyu) aliona kiraba kimekwisha akaendelea na kazi. Nami miezi yote hiyo nikisikia "ngo!" kwenye tuta nilikuwa natukana barabara. Shokapu moja ilishaanza kuvuja mafuta. Mpya!

Sasa fikiria Hiace zetu za abiria. Nyingi za zamani zina springi za majani nyuma, na kiraba chake kinakaa kati ya chasisi na ekseli. Chungulia siku moja kama kipo. Kisha hesabu watu waliomo ndani na mizigo iliyo juu. Lile pigo unalolisikia kiunoni ukiwa kiti cha nyuma ni chuma kinapiga chuma, na chasisi inalisikia kabla yako.

Najua majibu yenu, nimeshayasikia ofisini.

Jibu la kwanza: hela. Hapana. Wewe umefunga rimu za sporti, redio ya skrini na taa zinazowapofusha wenzako. Viraba viwili vya shokapu havifiki bei ya nyama choma yako ya Ijumaa. Hela ipo, ila inakwenda kwenye kinachoonekana.

Jibu la pili: barabara mbovu. Sasa si ndiyo sababu yenyewe? Mwenye barabara laini anaweza kukaa bila kiraba akasahau. Wewe unayehesabu matuta toka Kimara huwezi. Na mvua ikinyesha, Msimbazi ukifurika pale Jangwani, maji yanavuta kila kilichoning'inia. Bampa la waya linakwenda na mto mpaka Salenda.

Jibu la tatu, la wasomi hasa: Serikali iko wapi? Ipo. Sheria ya Ushindani ni ya mwaka 2003, Tume ya Ushindani ipo kwa ajili ya bidhaa bandia, TBS wana Sheria ya Viwango ya mwaka 2009. Waulizwe, nami nitawauliza, ndiyo kazi yangu. Lakini hakuna mkaguzi atakayekuja kukununulia kipande ambacho wewe mwenyewe hukutaka kukinunua. Na stika iliyo kwenye kioo haisemi lolote kuhusu kilicho nyuma ya bampa.

Basi ukienda Gerezani, nenda na akili. Soma namba ya chasisi kwanza: NCP60, NCP61 na NCP65 zote ni IST, lakini usikubali "inaingia tu, bosi". Tarakimu tano za mwanzo za namba ya Toyota hukwambia ni kifaa gani: ngozi ya bampa la mbele ni 52119, chuma chake 52021, sponji 52611, kiraba cha springi ya mbele 48331. Tano za mwisho ndizo zinazotofautisha magari, zilinganishe. Nenda na kiraba cha zamani kama kimebaki. Kipya kikiwa kirefu au kigumu kuliko kinavyotakiwa, gari litadunda kabla ya wakati. Kikiwa kifupi mno umerudi kwenye "ngo!". Kibonyeze kwa kidole, kikunje, ukiona nyufa kirudishe. Badilisha pande zote mbili. Chuma cha bampa kikiwa kilipinda kikanyooshwa, kiache. Dai risiti. Na muuzaji akishindwa kusema kifaa kimetoka wapi, ondoka, maana kesho utakuwa unauziwa saiti mira zako mwenyewe.

Na fundi akishafunga, mwambie asiweke ngozi kwanza. Inama uone.

Narudi kwenye swali langu. Tuna digrii, tuna magari, na kila siku tunalalamika kwamba nchi hii ni ya kupaka rangi juu, ndani hakuna kitu. Sawa. Gari ni lako, hakuna waziri anayekuzuia. Nyuma ya bampa lako kuna nini?

Nenda kachungulie leo, kisha uje uniambie. Wa kwanza kukuta waya za nondo asione aibu, nilishamtangulia.