Kukosa usingizi si tabia mbaya, wasee

Huku Gatitu msee akikaa macho mpaka saa kumi usiku, lawama ni mbili tu: simu ama muguka. Kama ana bipola au skizofrenia, tunasema ni ugonjwa wake huo, dawa zikishika atalala. Hapo ndio mimi nakataa. Usingizi utibiwe kivyake.

2015, Daniel Freeman na wenzake wa Oxford walichapisha utafiti wa watu 50 wenye kusikia sauti au kuamini wanaandamwa. Waliofunzwa kulala, juu ya matibabu ya kawaida, walipata usingizi kuliko wenzao. 2017 wakaja na wanafunzi 3,755 wa vyuo 26 Uingereza, wote wakisumbuliwa na usingizi. Waliofunzwa walilala vizuri, na hata ile hali ya kushuku kila mtu ikapungua. Kumbe usiku mbaya pia unaharibu akili.

Na mafunzo yenyewe si ya bei. Amka saa ile ile kila siku. Kitanda kiwe cha kulala, si cha TikTok. Usingizi ukikataa, ondoka, rudi ukisinzia. Lakini kama uko na bipola, usijipunguzie masaa bila daktari, maana kukesha kunaweza kukurusha juu. Na dawa usiache.

Ukienda kliniki, beba daftari la wiki mbili: ulilala saa ngapi, ukaamka saa ngapi. Daktari asipouliza, mwekee mezani.