Mgodi ukifungwa, nani anabaki kuhesabu miti?

Leo naomba tuweke pembeni mrahaba na mikataba, tuongelee kitu ambacho hakipati kurasa za mbele: ardhi inayobaki dhahabu ikiisha.

Utaratibu mnaujua. Mgodi unafungwa, mheshimiwa anakuja na msafara, anapanda mti, anaumwagilia maji huku kamera zinamulika. Kesho yake sisi waandishi tunaandika kwamba mazingira yamerudishwa. Jamani, mti wa siku moja ndiyo mazingira?

Msimamo wangu ni huu: kupanda ndiyo kazi rahisi. Kazi yenyewe ni kurudi pale pale mwaka hadi mwaka na kupima. Na vipimo hivyo wavione wananchi wanaoishi hapo, visiishie kwenye makabati ya kampuni na ya serikali.

Suala hili liko mlangoni kwetu. Golden Pride kule Nzega, mgodi wetu mkubwa wa kwanza wa dhahabu wa zama hizi, ulianza kuzalisha mwaka 1998 na ulishafungwa. Buzwagi kule Kahama uliingia hatua ya kufungwa mwaka 2021. Mingine itafuata tu, maana dhahabu haioti tena ikichimbwa.

Sasa kupima kukoje? Si uchawi. Unachagua vipande vya ardhi, tuseme mita 10 kwa 10, unaviwekea alama za kudumu. Kila mwaka, mwezi ule ule, unahesabu miti iliyo hai, unaandika ni ya aina gani, na unakadiria ni sehemu gani ya ardhi imefunikwa na nyasi na majani makavu na ipi iko uchi. Unapiga picha ukiwa umesimama pale pale uliposimama mwaka jana.

Kwa mmomonyoko, unapigilia vyuma vyembamba ardhini na kupima urefu unaobaki nje. Mvua zikiisha unapima tena. Chuma kikizidi kuonekana kwa sentimita 1, udongo umeondoka kwa kina hicho. Inaonekana ndogo? Piga hesabu: sentimita 1 kwenye hekta nzima ni mita za ujazo 100. Tipa la kubeba mita za ujazo 10 lingekwenda safari 10!

Na udongo huo si wa kuchezea. Vifusi vya mawe ya mgodi huwa vinafunikwa kwa udongo wa juu uliotunzwa tangu siku za kuchimba. Ukishasombwa, hakuna duka la kununua mwingine. Halafu baadhi ya mawe hayo yana madini ya salfa, yakikutana na hewa na maji yanatoa maji yenye asidi. Kwa hiyo kamfereji kadogo kwenye mteremko, kakiachwa kakawa korongo, kanaweza kumfikia mtu kisimani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kuna watakaosema satelaiti zipo, tembo wa nini kuumiza miguu? Ni kweli zinasaidia. Picha za Landsat zimekuwa za bure tangu 2008, na Sentinel-2 iliyorushwa 2015 inaonyesha ardhi kwa vipande vya mita 10. Hata mwandishi mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuangalia kama uoto unaongezeka au unapungua, na nawasihi wenzangu tujifunze. Lakini kutoka juu, kijani ni kijani. Si rahisi kujua kama ni nyasi za asili au gugu vamizi, na korongo changa lililojificha chini ya miti halionekani. Lazima mtu atembee.

Majirani zetu wa Mombasa wana ushahidi. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, mahali palipokuwa mwamba mtupu wa matumbawe. Alijaribu aina 26, nyingi zikashindwa, mivinje ikashika. Hapo wengi wangekata utepe na kwenda zao. Yeye aliendelea kuangalia, akaona majani ya mivinje yanarundikana chini bila kuoza, na bila kuoza hakuna udongo. Ndipo alipogundua jongoo wanaoyala, akawaleta kwa wingi. Leo pale ni Haller Park. Angehesabu miti siku ya kwanza tu, asingemwona jongoo.

Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inazungumzia dhamana ya fedha kwa ajili ya kukarabati eneo la mgodi. Ni jambo zuri. Ila kwa maoni yangu dhamana hiyo isiachiwe kwa kuona kijani cha msimu mmoja. Isubiri vipimo vya miaka kadhaa, ya mvua nyingi na ya ukame. Vijana wa vijiji jirani wafundishwe kusoma vile vyuma, walipwe, na matokeo yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili. Kampuni itaondoka, mheshimiwa atahamishwa, wao watabaki na hicho kilima.

Na sisi waandishi, tukialikwa kwenye sherehe ya kupanda miti, tuulize swali moja tu: iliyopandwa mwaka juzi imebaki mingapi?

Haya wadau, hasa mnaoishi karibu na migodi iliyofungwa, mnaona nini huko? Uwanja ni wenu.