Kodi ya Nyumba Ililipwa na Nani?

Mtangazaji anauliza: siri ya mafanikio yako ni nini? Mgeni anasogeza maikrofoni, anakohoa kidogo, halafu anashusha orodha ile ile: kumtanguliza Mungu, kujituma, nidhamu, kutokata tamaa na dua za mama. Mtangazaji anampongeza. Tangazo la sabuni linaingia. Fundi cherehani aliyekuwa akisikiliza huku anapinda suruali ya mteja amemaliza nusu saa ya kipindi, na bado hajui mgeni alianza na mtaji wa kiasi gani, alikopa kwa nani, wala alikuwa anakula wapi mwaka ule ambao hakuna aliyemjua.

Mazungumzo ya namna hii yametapakaa. Yapo redioni, kwenye runinga, katika kurasa za katikati za magazeti, na siku hizi kila mwenye simu na taa ya duara ana kipindi chake. Wasanii na wajasiriamali wanaongea kuliko wakati wowote, na wasikilizaji wanaondoka mikono mitupu. Lawama si ya wageni peke yao. Anayeulizwa swali la jumla hujibu kwa jumla. Swali linalokosekana ni la kimaskini kabisa, halina mvuto wa studio: kabla kazi yako haijaanza kukulisha, kodi ya nyumba ilikuwa inalipwa na nani?

Katika mji kama Dar es Salaam, ambako wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, huo si umbea. Ndiyo hadithi yenyewe.

Shuleni Shaaban Robert hufundishwa kama mshairi na mwenye hekima, mtu aliyeteremka na maadili yake mkononi. Ni nadra mwanafunzi kuambiwa kwamba kuanzia mwaka 1926 hadi 1944 bwana huyo alikuwa karani wa forodha katika serikali ya kikoloni, na kwamba baadaye alikalia meza nyingine za serikali hiyo hiyo, ikiwemo ofisi ya wilaya ya Tanga na idara ya upimaji. Maisha yake ya kazi, karibu yote, aliyapitisha kwenye meza isiyo yake. Habari hiyo si pambo la wasifu. Kitabu chake Kusadikika kilitoka mwaka 1951, mwandishi wake akiwa bado anapokea mshahara wa Mwingereza, nacho kinasimulia nchi inayoelea hewani yenye watawala wasiopenda kuambiwa ukweli. Wahakiki wameandika mengi juu ya istiari ile. Lakini mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ofisini chini ya bosi mwenye masikio marefu anajua kwa nini nchi ile ilipaswa kuelea mbali na ardhi. Mshahara ndio uliompa mwandishi karatasi na mafuta ya taa, na mshahara huo huo ndio uliomfundisha kusema kwa mafumbo.

Edward Saidi Tingatinga naye amefunikwa na jina lake mwenyewe. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akaenda kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge huko Tanga, akafika Dar es Salaam akafanya kazi za nyumbani na bustani. Alipoanza kuchora mwaka 1968 hakuwa na turubai wala rangi za duka la wasanii. Alichukua hadibodi, ile ya kufungia dari, akaikata vipande vya mraba, akanunua rangi ya mafuta ya kopo, ile ya kupaka baiskeli.

Wanaoeleza mtindo wa Tingatinga huanza na chui, tembo na ndege wenye mikia ya fahari. Ingefaa waanze na kopo. Rangi ile ni nzito na inang'aa, na haimruhusu mchoraji kuifanyia papara: msingi lazima ukauke kabla ya kuwekwa mnyama, na mnyama akauke kabla ya kuwekwa madoa. Ndiyo maana mipaka ni mikali na kila rangi imekaa peke yake kama mtu aliyenuna. Ukubwa wa kipande nao ulikuwa na akili yake, kwa sababu picha ndogo huingia kwenye sanduku la mgeni anayerudi kwao. Na wageni walikuwa hapo hapo, maana Tingatinga alipanga kazi zake nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, walikokwenda kununua mahitaji ya nyumbani. Wateja walipozidi aliwafundisha ndugu na jamaa. Wataalamu wa biashara wana jina refu kwa jambo hilo. Kwa jamaa zake hao ni undugu tu.

Na kodi? Alipata ajira katika hospitali ya Muhimbili, msaidizi wa wauguzi. Mtu ambaye jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji, linalotajwa kuanzia Japani hadi Denmark, alikuwa anabeba zamu wodini kama watu wengine wanaohesabu siku za mwezi. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu, akafa. Alikuwa amechora kwa miaka minne hivi. Wale ndugu na wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika.

Hayuko peke yake. George Lilanga, Mmakonde aliyefariki mwaka 2005 akiwa na jina katika majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani, aliingia Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam kwanza kama mlinzi wa usiku. Abdulrazak Gurnah, ambaye Oktoba 2021 alikuwa jikoni anajitengenezea chai simu ya Nobel ilipoingia, na akadhani ni matapeli wa kawaida wa simu, katika ujana wake huko Canterbury alifanya kazi ya uhudumu hospitalini. Riwaya yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1987, na kwa miongo iliyofuata aliishi kwa mshahara wa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Kent. Siku zile za tuzo Watanzania waligombana mitandaoni kama mzaliwa huyo wa Zanzibar ni wetu au si wetu. Ilikuwa kelele tamu, lakini kijana wa Unguja mwenye daftari lenye riwaya nusu angefaidika zaidi kuelezwa mtu anaandikaje akiwa na mitihani mia ya kusahihisha.

Karani, msaidizi wa wauguzi, mlinzi, mhudumu wa hospitali. Ukiyaweka maisha haya pamoja, ile picha ya msanii anayesubiri hamasa dirishani inaanza kuyeyuka.

Kwa wafanyabiashara mambo hayatofautiani sana, ila wao wamefichwa na utajiri badala ya kufichwa na sifa. Hadithi ya Reginald Mengi inayopendwa ni ya bolpeni: jinsi alivyoanza kuziunganisha nyumbani kwake, vipande kwa vipande, katika miaka ambayo rafu za maduka ya Tanzania zilikuwa tupu. Ni hadithi nzuri na ya kweli. Kinachorukwa na wasimulizi ni kwamba mwunganishaji yule alikuwa mhasibu katika kampuni ya kimataifa ya ukaguzi wa hesabu, mtu ambaye mwisho wa mwezi ulimkuta na uhakika. Kusema hivyo hakumpunguzii chochote. Kunamwokoa kijana asiache kazi kesho asubuhi kwa sababu amesikia tajiri alianzia chumbani.

Said Salim Bakhresa si mtu wa studio. Nchi inamjua kwa unga, juisi, boti na runinga kuliko kwa maneno yake. Kinachojulikana ni kwamba aliacha shule akiwa na miaka 14 akauza mchanganyiko wa viazi Unguja, na hapo pana somo ambalo vitabu vya ujasiriamali vinavyopangwa chini kandokando ya barabara za Kariakoo havina. Anayeuza chakula kilichokwisha kupikwa ana saa chache. Kilichobaki jioni ni hasara, hakuna kesho. Anayekulia katika hesabu hiyo hujifunza mapema kuuza kidogo kidogo, kwa wengi, kila siku. Azam, chapa ya bidhaa zake, ni nini kama si hiyo?

Vitabu hivyo vya barabarani, vingi vikiwa vya matajiri wa Marekani, ndivyo vilivyotuletea pia ibada ya kuamka saa kumi na moja alfajiri. Siku hizi mjasiriamali asiyeitaja saa hiyo kwenye mahojiano huonekana kama amekuja bila kuvaa. Sasa, mama anayeuza vitumbua huloweka mchele mapema, huusaga, huukoroga na kuuacha uumuke, na saa tisa za usiku yuko mbele ya jiko. Mteja wake wa kwanza ni kondakta wa daladala anayetoka kabla ya jua. Hakuna kamera iliyowahi kumfuata imuulize siri ya kuamka mapema, na akiulizwa atashangaa. Vitumbua havijipiki. Saa yake imewekwa na tumbo la kondakta, wala haina uhusiano na falsafa. Vivyo hivyo mpiga gitaa wa bendi anayerudi nyumbani alfajiri na kulala hadi adhuhuri hana uvivu wowote wa kutubia.

Ni haki, hata hivyo, kuwaelewa wanaojificha nyuma ya jibu fupi. Ukitaja redioni kiasi ulichoingiza mwezi uliopita, jioni binamu ameshafika na ada ya mtoto, wiki ijayo ofisa wa kodi anaomba vitabu, na mwezi ujao jirani amefungua duka kama lako mkabala na lako. Kuna husuda pia, na anayecheka husuda hajawahi kufanya biashara mtaani. "Ni Mungu tu" ni imani, lakini ni ukuta vilevile, umejengwa kwa adabu ili mgeni asiingie chumbani. Mhoji mwenye akili haupandi. Anauliza habari za kitu badala ya habari za mtu. Kopo la rangi linadumu picha ngapi? Saa moja ya studio ilikuwa bei gani ulipoanza, na ulirekodi saa ngapi za siku kwa sababu ni rahisi zaidi? Kiti cha kwanza ulichotengeneza kikavunjika, kilivunjikia wapi? Watu wenye kazi zao wakiulizwa hivyo husahau kamera. Mikono huanza kuonyesha.

Diamond Platnumz alipoanza kuuza karanga za pakiti zenye jina lake, wapo waliocheka: nyota mzima, karanga. Pwani hii haikuwa na sababu ya kucheka. Bi Kidude, mwimbaji wa taarab na mtoto wa mchuuzi wa nazi, aliyetunukiwa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 na kufariki Aprili 2013, alikuwa kungwi, mpiga ngoma wa unyago, na mtengenezaji wa wanja na hina za kuuza. Vyote hivyo vilikuwa kazi yake. Hakuna kimoja alichokiita cha pembeni.

Na kabla yake alikuwepo yule ambaye Kidude mdogo alimfuata ili amsikilize. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, akiitwa Mtumwa. Mama yake alikuwa mfinyanzi, na binti ndiye aliyebeba vyungu kwenda kuviuza, kwa miguu, akinadi njia nzima. Karani wa Tanga, Shaaban Robert yule yule, ndiye aliyekuja kuandika wasifu wake, wala hakuvionea haya vyungu. Alifanya vizuri, kwa kuwa vyungu ndivyo vilivyoijenga sauti. Mchuuzi anayetaka asikike ndani ya nyumba yenye mlango uliofungwa, juu ya kelele za watoto na kinu, lazima ajue kuvuta pumzi, kurefusha neno, na kulitupa mbali bila kulichana. Siti alihamia mjini mwaka 1911, akiwa mtu mzima, ndipo akafundishwa muziki wa taarab. Mapafu alikuja nayo.

Mwaka 1928 alisafiri na wenzake kwa meli hadi Bombay, wakarekodi nyimbo kwa Kiswahili kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice. Sahani zikarudi pwani, watu wakazizunguka gramafoni. Penye umati wa namna hiyo pangeweza kukosekana vipi mama mmoja wa mjini aliyewahi kuisikia sauti ile miaka mingi nyuma, bila kulipa senti, ikipita nje ya mlango wake na mzigo wa vyungu?