Jaribio na Liseme Kosa Liko Wapi

Mwalimu akimrudishia mwanafunzi daftari lenye alama nyekundu ya kosa pasi na neno lolote la maelezo, hajamfundisha kitu. Ndivyo lilivyo jaribio la programu ya kompyuta linalojibu "Imeshindwa" kisha likanyamaza.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa Wote au Mwingi, ambaye kwa mradi wake wa somo la Kompyuta katika mtihani wa KCSE ameandika programu ya kukokotoa malipo ya mkulima wa ndengu. Kilo 12 zikiuzwa kwa shilingi 80 kila moja, malipo ni shilingi 960. Jaribio likimwambia tu kwamba programu imeshindwa, atahangaika kutwa. Lau lingesema, "Kilo 12, bei 80, ilitarajiwa 960, imepatikana 92," angetambua mara moja kwamba amejumlisha pale alipopaswa kuzidisha.

Masahihisho ya namna hiyo ni mistari miwili mitatu tu, na kwa hivyo ni rahisi kupitishwa bila kukaguliwa. Hapo ndipo penye hatari. Anayebadilisha maneno ya jaribio anaweza, bila kujua, kubadilisha na hukumu yake, likawa lasema "Sawa" hata penye kosa. Mficha maradhi, kilio humuumbua: kosa lililofichwa darasani litazuka sokoni, na atakayepunjwa ni mkulima.

Yafaa basi walimu wawazoeze wanafunzi kukaguliana kazi. Mkaguzi asitosheke na kusoma. Na aiharibu programu makusudi, aweke alama ya kujumlisha mahali pa kuzidisha, kisha atazame jaribio litanena nini. Likisema "Sawa", masahihisho yarudishwe kwa mwenyewe. Likilitaja kosa, ujumbe huo usomwe na mwanafunzi asiyeiandika programu hiyo. Asipouelewa, bado haujawa wazi.

Wapo watakaodai kwamba muda wa maabara hautoshi. Hiyo ndiyo sababu hasa ya kufanya hivyo. Penye kompyuta moja kwa wanafunzi wengi, kila dakika ya kubahatisha kosa ni dakika aliyonyimwa mwenzake.

Vijana hawa kesho watakuwa katika Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya pale Kitui, au kwingineko, na baadaye wataandika programu za vyama vya ushirika na za hospitali. Hapana budi wajifunze mapema kuandika majaribio yasiyoficha kosa wala kulifumba.